Neno "Kulaza" na Mbwa wa Bawabu

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii niliikariri nikiwa shule ya msingi, nikaitungia insha na kupata alama nzuri, nisijue kwamba siku moja ingenirudia nikiwa nimevaa koti jeupe na bomba la sindano likiwa mkononi. Mimi si mwanafunzi wa Kiswahili, ndugu msomaji. Ni daktari wa mifugo, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika makao ya wanyama waliotupwa, waliopotea na walioteswa, pembezoni mwa jiji la Nairobi. Nilipoombwa niandike machache kwa ajili ya jarida hili, nilijiuliza mtu wa sindano na vizimba ana lipi la kuwaambia mabingwa wa lugha. Hatimaye nilikumbuka kwamba kosa kubwa zaidi nililowahi kutenda kazini halikuwa kosa la dawa wala la kisu. Lilikuwa kosa la neno moja.

Nianze na jina la kazi yenyewe. Kiswahili huniita daktari wa mifugo. Mfugo, kama mjuavyo, ni mnyama afugwaye na mtu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku. Babangu alipokuwa akinilipia karo kule Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiwafunza madaktari wa mifugo tangu miaka ya 1960, alitarajia kwamba ningerudi kijijini kutibu ndigana kali na ugonjwa wa kiwele katika mazizi ya majirani. Nilipomjuza kuwa nimeajiriwa kuwatibu mbwa na paka wasio na wenyewe, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na hao bili yao hulipwa na nani?" Swali lake lilikuwa la haki. Mbwa koko hana amfugaye, na paka shume hana zizi. Je, huyo ni mfugo? Kwa muda mrefu sikuwa na jibu zaidi ya kusema kwamba anaumwa kama mfugo mwingine yeyote.

Siku katika makao ya wanyama huanza mapema. Mhudumu wa zamu ya usiku hunisubiri mlangoni akiwa na daftari: nani hakula, nani ametapika, nani amezaa. Huzunguka vizimbani kwa utaratibu usiobadilika. Huanza na watoto wa mbwa, nikaenda kwa wazima waliokwisha kuchanjwa, kisha kwa wageni waliotengwa, na wagonjwa huwa wa mwisho kabisa. Anayegeuza utaratibu huo hubeba maradhi kwa viatu vyake. Virusi vya parvo, mathalani, humfanya mtoto wa mbwa atapike na kuhara damu, na vinaweza kumuua kwa siku chache tu. Vikishaingia sakafuni au udongoni hudumu kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Ndiyo maana makao yetu hunuka jiki tangu alfajiri hadi magharibi, na ndiyo maana suruali zangu zote zina madoa meupe.

Watu wengi hudhani kwamba kazi yetu kubwa ni kutibu. La hasha. Kazi yetu kubwa ni kuzuia kuzaliwa. Mbwa jike hubeba mimba kwa takribani siku 63 tu, na paka vivyo hivyo. Paka mmoja aliyeachwa sokoni anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na wanawe wa kike nao wakaanza kuzaa kabla hawajatimiza mwaka. Kwa hiyo, siku mbili kwa wiki huwa za upasuaji. Madume huhasiwa, majike hutolewa mifuko ya mayai na kizazi wakiwa chini ya nusukaputi. Si kazi ya kusisimua. Kila mshono hufanana na uliotangulia, na mgongo hulalamika ifikapo saa nane. Hata hivyo, sijui kazi nyingine niifanyayo ambayo huwaepusha wengi zaidi na kufa kwa njaa kando ya barabara.

Katika taaluma yetu tuna kipimo kinachojulikana kama uhuru wa aina tano. Asili yake ni ripoti iliyotolewa nchini Uingereza mwaka 1965 kuhusu hali ya wanyama wa mashambani, na baadaye, mwaka 1979, ikawekwa katika mpangilio wa mambo matano. Mnyama awe huru kutokana na njaa na kiu. Awe huru kutokana na adha ya mahali alalapo. Awe huru kutokana na maumivu, majeraha na maradhi. Awe huru kutenda yaliyo ya asili yake. Na awe huru kutokana na hofu na dhiki. Ukisimama mbele ya kizimba chenye mbwa wanne kilichojengewa wawili, unatambua mara moja kwamba umewapa uhuru wa kwanza na kuwanyima wa nne. Makao ya wanyama si pepo. Ni mahali pa kusubiri, na si wote wanaosubiri huja kuchukuliwa.

Basi kuna siku ambazo tunaua.

Nimeiandika sentensi hiyo bila kuipamba kwa sababu zamani nisingeithubutu. Kuna mnyama aliyevunjika pasipoungika, aliyeliwa na uvimbe hadi mfupani, au ambaye figo zake zimekoma na kila pumzi yake ni adha. Kumwacha afe polepole ni ukatili, na sheria yetu ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kumtesa mnyama bila sababu. Lakini sisi tuliosomea udaktari kwa Kiingereza tulirithi pia desturi ya Waingereza ya kukifananisha kifo hicho na usingizi. Tukaitafsiri harakaharaka, tena bila kumwuliza mwenye lugha. Tukasema kulaza. "Huyu tumlaze." "Jana tulilaza watatu." Neno lilikuwa laini, nasi tukalipenda kwa ulaini wake.

Mwaka 2016, asubuhi moja ya Jumanne, mzee mmoja alifika makaoni akitembea kando ya mkokoteni uliosukumwa na kijana. Alikuwa bawabu katika ghala moja la mitaa ya viwandani. Juu ya mkokoteni, juu ya gunia lililokunjwa vizuri, alilala mbwa mkubwa wa rangi ya hudhurungi. Usiku ule gari lilikuwa limemgonga langoni.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Njema, daktari. Huyu ni Kamanda. Mbwa yangu. Tumelinda pamoja miaka tisa."

Nilimpima Kamanda. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imelegea kama kamba. Nilibana kidole cha mguu mmoja kwa koleo, nikabana kwa nguvu zaidi. Hakugeuza hata kichwa. Mkojo ulikuwa ukimtoka bila yeye kujua. Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zilizoachana kabisa. Kwa mnyama asiyehisi hata maumivu makali ya namna ile, matumaini ya kutembea tena ni haba mno, na kwa Kamanda, mwenye umri ule na majeraha yale, sikuyaona hata kidogo. Nilitoka nje, nikamkuta mzee ameketi kwenye benchi, kofia yake magotini.

"Mzee, Kamanda ameumia vibaya sana," nilimwambia. "Hatatembea tena. Ni vyema tumlaze leo, asiendelee kuteseka."

Alitikisa kichwa polepole. "Mlaze, daktari. Mlaze apumzike. Kwangu hakuna mahali pa kumlaza."

Sentensi hiyo ya mwisho ilipaswa kunizindua. Haikunizindua. Foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa nimefarijika kwamba mzee alielewa upesi bila machozi. Nilimpa fomu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Alitia sahihi pale nilipomwonyesha, akauliza gharama, nikamwambia hakuna, akaniombea baraka. Aliingia ndani, akampapasa Kamanda kichwani, akamnong'oneza jambo. Kisha akaondoka na kijana wake wa mkokoteni. Saa chache baadaye nilifanya nilichosema kwamba ningefanya.

Ijumaa alasiri mzee alirudi. Alikuwa amevaa shati safi, na mkononi alishika furushi la gazeti lililolowa mafuta.

"Nimekuja kumwona Kamanda," alisema. "Yuko wodi gani?"

Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa. Katika Kiswahili cha Mkenya yeyote, mgonjwa hulazwa hospitalini. Hulazwa ili atibiwe. Jamaa zake humtembelea na kumletea chakula. Mzee alikuwa amenielewa sawasawa kama lugha yake ilivyomfundisha. Niliyekuwa nimesema Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili ni mimi.

Ningependa kusema kwamba hapo nilimwambia ukweli. Sikumwambia. Nilitafuta neno lingine la kujifichia. "Mzee," nilisema, "Kamanda alikwisha kupumzika."

"Vizuri," akajibu. "Basi naweza kumwona?"

Ndipo nilipomketisha na kumwambia. "Amekufa, mzee. Nilimdunga dawa ya kumuua Jumanne ileile. Hicho ndicho nilichomaanisha niliposema tumlaze."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Hakunifokea, jambo ambalo lingekuwa rahisi kulibeba. Hatimaye aliuliza, "Nani alikuwa amemshika?"

"Mhudumu wetu."

"Kamanda alimjua?"

"Hapana, mzee."

"Ungeniambia, mwanangu, ningemshika mimi. Nisingekataa. Mgongo wake niliuona, mimi si mtoto. Lakini nilimwambia ningerudi."

Aliuliza tulikomzika. Ilinibidi kumweleza kwamba mizoga yetu huchomwa katika tanuri, kwa sababu ya maradhi. Nilipotamka neno "mizoga" niliona uso wake ukibadilika, nami nikalijutia. Lugha yetu humpa binadamu maiti na kumpa mnyama mzoga, na sikuwahi kuwaza kwamba tofauti hiyo ingeweza kumchoma mtu. Nilimkabidhi kola ya Kamanda, kamba ya katani aliyoisuka mwenyewe. Aliitia mfukoni. Kisha akafungua furushi lake, lililokuwa na mifupa na vipande vya matumbo, akasema, "Wape hawa wengine," akaenda zake.

Usiku huo nililirudia neno lake moja. Alikuwa amesema "mbwa yangu". Mwalimu wangu wa Kiswahili angelikatia mstari mwekundu. Kwa upatanisho sanifu, mbwa ni wangu, kama ng'ombe alivyo wangu. Lakini tunasema rafiki yangu, ndugu yangu, mama yangu. Najua kwamba mitaani Nairobi kila kitu ni "yangu" na kwamba mzee hakukusudia lolote kwa upatanisho wake. Hata hivyo, nilipokumbuka miaka tisa ya kukesha langoni, sikuweza kusema kwa yakini kwamba amekosea.

Kwa wiki kadhaa nilitafuta neno badala ya kulaza. Kuchinja halikufaa, kwa kuwa huchinjwa kinacholiwa. Kuua pekee lilikuwa na harufu ya uhalifu. Kifo cha huruma lilikuwa zuri vitabuni, lakini nilipolijaribu kwa mama mmoja aliyeleta paka, aliniuliza, "Kwa hiyo utamhurumia?" Nikatambua kwamba sikuhitaji neno. Nilihitaji maelezo. Tangu wakati huo husema hivi, neno kwa neno, tena polepole:

"Nitamdunga dawa mshipani. Ni dawa ya kundi la nusukaputi, ila kipimo chake ni kikubwa kupita kiasi. Baada ya sekunde chache atapoteza fahamu. Kisha atakoma kupumua, na moyo wake utasimama. Macho yake huenda yasifumbike, na huenda mwili ukashtuka kidogo; wakati huo hatakuwa akihisi chochote. Atakuwa amekufa. Je, ungependa kumshika?"

Tuliiandika upya ile fomu kwa Kiswahili, na sentensi yake ya kwanza ina neno kufa. Mwenzangu mmoja alipinga. Alisema neno hilo ni kali na litawafukuza watu, nao watawatupa wanyama wao jalalani badala ya kuwaleta kwetu. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, na wako waliosoma mstari huo wakabeba paka wao wakaenda. Lakini baadhi yao walirudi siku ya pili, wakiwa wameaga na kujiandaa. Wengi huchagua kumshika mnyama wao. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilichelea kilio cha mzee kwa dakika tano, nikamliza kwa namna isiyorekebishika.

Funzo hilo lilinifaa tena mwaka 2019, na safari hii aliyekuwa hatarini hakuwa mbwa. Mama mmoja alimleta mtoto wa mbwa wa kuokotwa aliyemwuma mwanawe wa miaka sita mkononi asubuhi hiyo. Kwa daktari wa mifugo, hapo fikra ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Maradhi haya yameripotiwa nchini Kenya tangu mwaka 1912. Virusi vyake husafiri polepole kwenye neva kutoka jerahani hadi ubongoni, safari ambayo kwa kawaida huchukua wiki au miezi, na katika muda huo chanjo inaweza kumwokoa aliyeumwa. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Taratibu zetu husema kwamba mbwa aliyeuma na anayeonekana mzima atengwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Zamani ningemwambia mama yule, "Tutamwangalia mbwa siku kumi, kisha tutajua." Na yeye, kwa haki kabisa, angerudi nyumbani kusubiri siku kumi. Nilisita. Nikamwona mzee wa furushi. Kisha nikasema, "Mama, siku kumi ni za mbwa, si za mtoto. Mtoto mwoshe jeraha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, bomba lile pale. Kisha mpeleke hospitali leo hii akaanze chanjo. Usinisubiri mimi wala mbwa." Nilimwomba arudie nilichosema. Alirudia.

Siku ya nne mtoto yule wa mbwa alianza kudondosha udenda. Taya lake lililegea, sauti yake ikabadilika, akawa anauma vyuma vya kizimba. Tulimuua, kichwa chake kikapelekwa maabara, na jibu lilikuwa lile tuliloliogopa. Nilipompigia mama simu, mkono ukinitetemeka, alinijibu kwa utulivu kwamba mwanawe alikuwa amekwisha kudungwa sindano ya pili. "Si ulisema siku kumi ni za mbwa?" aliniuliza. Mvulana yule yu hai.

Tangu mwaka 2014 Kenya imekuwa na mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Wataalamu hukubaliana kwamba ukichanja mbwa asilimia 70 katika eneo, maambukizi hukatika. Chanjo ipo, na maarifa yapo. Lakini kati ya chanjo na mkono wa mtoto kuna sentensi ambayo lazima mtu aitamke na mwingine aielewe.

Nawasikia mara kwa mara wanaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Ninyi wasomi wa lugha mnalijibu dai hilo kwa orodha za maneno mapya, na orodha hizo nazishukuru. Nusukaputi nililipata kwenu. Lakini nawaomba mzingatie kwamba siku ile ya Jumanne Kiswahili hakikupungukiwa na neno lolote. Neno kufa lilikuwapo tangu kale, na mzee angelielewa. Nililikwepa kwa woga, nikajificha nyuma ya tafsiri. Basi mnapotoka madarasani, njooni pia katika vyumba kama changu, na vya hospitali, na vya mahakama, msikilize watu wanavyoelewa tunachowaambia. Kuna fomu nyingi zinazongoja kuandikwa upya.

Yule mzee nilimwona mara moja tena, mwaka mmoja hivi baada ya kisa kile. Alitokea langoni siku ya chanjo ya bure, akapanga foleni kama watu wengine. Chini ya koti lake la kazi kilijitokeza kichwa cha mtoto wa mbwa mweusi, na shingoni mwake nikaitambua ile kamba ya katani, imezungushwa mara mbili kwa kuwa ilikuwa kubwa mno.

"Leo nimemleta kuchanjwa, daktari," alisema. "Si kulazwa."

Sikujua kama nicheke. Yeye alicheka kidogo, nami nikacheka. Nilivuta chanjo kwenye bomba la sindano, nikamweleza kwamba ningemdunga chini ya ngozi ya shingo, kwamba angelia kidogo, na kwamba arudishwe baada ya mwaka mmoja. Kisha nikamwuliza kama angependa kumshika. Alikuwa amekwisha kumshika.